Namna ya Kuisoma Shahada ya Uzamili ya Ulaya na Eurasia: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu nimemwandikia Mzanzibari aliyekwisha kupata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika masomo ya kanda ya Ulaya na Eurasia, au anayejiandaa kuiomba, na anataka kujua miaka hiyo miwili aipangeje. Shahada hii hukusanya historia, siasa, uchumi, sheria na lugha za eneo linaloanzia Ureno na kuishia Vladivostok, na kwa sababu ya upana huo mwanafunzi mgeni hushawishika kuchukua kila somo ambalo jina lake limempendeza. Mimi nilifanya hivyo katika muhula wangu wa kwanza. Nilichukua somo la uchumi wa nishati, la fasihi ya Balkani na la usalama wa bahari ya kaskazini, na mwisho wa muhula nikawa na alama za kuridhisha lakini sina jambo hata moja ambalo ningeweza kulieleza kwa nusu saa bila ya kutazama daftari. Nilichokuja kukielewa baadaye, nami ningependa ukichukue tangu mwanzo, ni kwamba mtu wa visiwa hivi haingii katika fani hii mikono mitupu. Anayo maswali ambayo wenzake darasani hawanayo, na masomo humkalia vizuri pale anapoyachagua kwa kuyafuata maswali hayo.

Hesabu ya muda

Katika vyuo vingi vya Ulaya shahada ya miaka miwili ina krediti 120, yaani 30 kwa kila muhula, na krediti moja huhesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30. Kwa hiyo muhula mmoja unakudai saa 750 kwa uchache. Ukizigawa kwa wiki 20 zinakuwa karibu saa 38 kwa wiki, sawa na kazi ya ofisini, na humo ndani saa za kukaa darasani ni chache, pengine nane au kumi. Zilizobaki ni zako na vitabu. Aliyetoka katika shahada ya kwanza ambako ratiba hujaa mihadhara tangu asubuhi huiona ratiba hii nyeupe akadhani amepata nafasi ya kupumua, na mpaka kufika wiki ya sita anakuwa ameshachelewa. Kabla hujasajili somo lolote, chora wiki yako kwenye karatasi, uandike saa za kila somo za kusoma na za kuandika, kisha uzilinde kama unavyolinda saa za kazi.

Krediti za muhula wa mwisho kwa kawaida ni za tasnifu, na zilizobakia hugawanywa baina ya masomo ya lazima, masomo ya hiari na lugha. Marekani huhesabu krediti kwa namna nyengine, lakini mgawanyo wa kazi ni ule ule.

Kuhusu ufadhili nitasema kwa ufupi, kwa kuwa habari zake hubadilika. Mpango wa Erasmus Mundus, wa Umoja wa Ulaya, humlipa mwanafunzi aliyechaguliwa euro 1,400 kwa mwezi, na ndani yake iko shahada ya masomo ya Ulaya ya Kati na Mashariki, Urusi na Eurasia inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Glasgow pamoja na vyuo washirika, kikiwemo cha Tartu nchini Estonia. Maombi ya mipango ya namna hii aghalabu hufungwa mwanzoni mwa mwaka kwa ajili ya masomo yanayoanza Septemba, kwa hiyo barua za wadhamini na matokeo ya mtihani wa Kiingereza yawe mkononi ifikapo Novemba. Balozi nyingi ziko Dar es Salaam. Weka akiba ya nauli za boti na siku za kusubiri viza.

Swali kwanza, masomo baadaye

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo huu. Chukua mfano wa majumba ya Kikwajuni. Kila mtu wa mjini anajua kwamba yalijengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, lakini ni wachache waliowahi kuuliza ni kitu gani kilichowaleta. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, ikawa nchi ya mwanzo katika Afrika kufanya hivyo. Wakati huo Ujerumani Magharibi ilikuwa na msimamo, tangu mwaka 1955, kwamba nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki, ukiuacha Umoja wa Kisovieti, itakuwa imeifanyia uadui na inaweza kuvunjiwa uhusiano wa kibalozi. Msimamo huo ulibeba jina la Walter Hallstein, aliyekuwa mtendaji mkuu katika wizara ya mambo ya nje mjini Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi wakati huo. Zanzibar ilipoungana na Tanganyika Aprili 26, 1964, dola moja ikajikuta na balozi za Ujerumani mbili zisizotambuana, moja Dar es Salaam na nyengine Unguja. Mvutano ulifikia kilele mwaka 1965: Ujerumani Mashariki ikaruhusiwa kuwa na konseli kuu, ofisi ya daraja la chini kuliko ubalozi, Dar es Salaam, Bonn isiridhike na hilo ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akaikataa misaada mengine ya Bonn iliyobaki.

Jambo lililonishangaza nilipokuwa nikisoma habari hizi ni kwamba mwenye jina la msimamo ule hakuwa tena Bonn wakati Zanzibar inautikisa. Tangu 1958 hadi 1967 Hallstein alikuwa Brussels, Rais wa kwanza wa Kamisheni ya Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, chombo ambacho leo ni Kamisheni ya Umoja wa Ulaya. Yaani mstari mmoja unatoka kwenye ngazi za majumba ya Kikwajuni, unapita Bonn na Berlin, unafika Brussels. Mwanafunzi anayeufuata mstari huo anahitaji somo la historia ya Ujerumani baada ya 1945, somo la taasisi za Umoja wa Ulaya, somo la sheria ya kimataifa linalogusa namna dola inavyotambuliwa, na somo la Vita Baridi nje ya Ulaya. Na lugha yake ni Kijerumani, hakuna mjadala. Swali moja limekwisha kumchagulia masomo manne na lugha, na kila insha atakayoiandika itaiongezea nguvu nyengine.

Swali la pili linatokana na jinsi tunavyotawaliwa. Mzanzibari hukua akisikia mjadala wa mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano: orodha iliyokuwa na mambo 11 katika Hati za Muungano na ambayo leo ina 22. Atakapofika kwenye mkataba wa utendaji wa Umoja wa Ulaya, kifungu cha 3 hadi cha 6, atakuta mamlaka yamepangwa kwa madaraja. Yapo ambayo ni ya Umoja peke yake, kama ushuru wa forodha, sera ya fedha kwa nchi zinazotumia euro, na uhifadhi wa viumbe wa baharini katika sera ya uvuvi. Yapo ya kushirikiana. Na yapo ambayo Umoja unasaidia tu. Wenzangu wengi darasani waliikariri orodha ile bila ya kuhisi kilichomo. Sisi hatuhitaji kuelezwa kwa nini mabunge hubishana nani atoze ushuru na nani asimamie samaki. Hata hivyo, usikimbilie kuyafananisha mambo mawili yasiyolingana: Umoja wa Ulaya si dola, na mwanachama anaweza kujitoa, kama Uingereza ilivyotoka Januari 31, 2020. Ukitaka mlinganisho wa karibu zaidi na Zanzibar, tazama visiwa vya Åland ndani ya Finland, ambavyo mamlaka yao ya ndani yalihakikishwa mwaka 1921 na uamuzi wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa, au visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya ufalme wa Denmark lakini nje ya Umoja wa Ulaya, au Gagauzia ndani ya Moldova, iliyopewa hadhi yake kwa sheria ya 1994.

Swali la tatu ni la aliyepitia madrasa, naye ni karibu kila mmoja wetu. Majina ya Imam Bukhari na Imam Tirmidhi tumeyasikia tangu utotoni, na wengi hatukuwahi kuuliza Bukhara na Termez ziko wapi. Ziko Uzbekistan, na kwa zaidi ya karne moja zilikuwa chini ya mamlaka au ushawishi wa Urusi, kwanza ya tsar na kisha ya Kisovieti. Lugha za Waislamu wa huko ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu mpaka miaka ya 1920, zikahamishiwa herufi za Kilatini, na kufikia mwaka 1940 zikahamishwa tena kwenda kwenye herufi za Kirusi. Uzbekistan iliamua kurudi kwenye Kilatini mwaka 1993. Sasa weka pembeni yake habari yetu: bibi zetu waliandikiana barua kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na Kiunguja kikachaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa herufi za Kilatini, na watu ambao wengi wao hawakuwa Waswahili. Ni nani aliye na haki ya kuamua watu waandike vipi, na mjukuu asiyeweza kuisoma barua ya bibi yake amepoteza nini? Swali hilo linabeba tasnifu nzima, na mtu wa Unguja au Pemba ana uwezo wa kulijibu kwa pande zote mbili.

Sisemi uchague moja katika hayo matatu. Lako linaweza kutoka kwenye karafuu, kwenye utalii wa Wapoland na Waitalia, au kwenye mamia ya Waukraine waliokwama katika hoteli zetu vita vilipoanza Februari 24, 2022. Ninalosema ni kwamba uliandike kwa sentensi moja kabla ya siku ya kusajili masomo, na kila somo lipimwe kwa sentensi hiyo.

Lugha

Programu nyingi hukutaka ufikie kiwango fulani cha lugha ya kanda, na wanafunzi wengi huifanya lugha kuwa kitu cha kukamilisha masharti. Hilo ni kosa, kwa sababu anayesoma Urusi kwa Kiingereza tu anasoma yale ambayo wengine wamependa kuyatafsiri. Chuo cha wizara ya mambo ya nje ya Marekani hukadiria kwamba mwenye Kiingereza huhitaji saa 1,100 za darasani kuimudu lugha ya Kirusi kikazi. Hutazipata saa hizo ndani ya miaka miwili, kwa hiyo anza kabla ya safari na utumie likizo.

Anayezungumza Kiswahili ana faida zake katika Kirusi, nami naziandika hapa kwa kuwa hakuna mwalimu aliyenitajia. Herufi ni 33, nazo zinamalizika ndani ya wiki moja. Jinsia tatu za nomino, zinazowatesa Waingereza, hazina la kututisha sisi tuliozoea ngeli, ambapo kitabu kile kizuri kimepotea na nyumba ile nzuri imebomoka. Vitenzi vya Kirusi hutenganisha tendo lililokuwa likiendelea na tendo lililokamilika, na sisi kila siku tunatofautisha alikuwa akisoma na amekwisha kusoma. Penye shida ni zile hali sita za nomino, ambapo mwisho wa neno hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Hata hapo tunacho kidogo cha kushikia: nyumba inapokuwa nyumbani, mwisho wa neno ndio uliobeba maana. Anzia hapo, jifunze hali moja kwa wiki mbili, na usiende nyengine mpaka ile ya mwanzo imeingia ulimini.

Kabla ya kuondoka, nenda Nungwi, Kiwengwa au Paje ukakae na vijana wanaowatembeza wageni. Wapo wanaozungumza Kirusi, Kipoland na Kiitaliano bila ya kuingia darasani hata siku moja, na masikio yako yatafunguka kwao haraka kuliko kwa kaseti. Wanachokosa wengi wao ni kusoma, na kusoma ndiko utakakopimwa nako. Kwa hiyo kila siku chukua habari moja fupi ya gazeti, aya mbili au tatu, uisome kwa sauti, uandike maneno mapya kumi, na kesho yake uyadurusu kabla ya kuchukua mengine.

Tangu 2022 wanafunzi wengi waliokuwa wakienda Moscow na St. Petersburg kujifunza Kirusi wamehamia Bishkek, Almaty, Tbilisi na miji ya Baltiki. Nchini Kyrgyzstan Kirusi bado ni lugha rasmi pamoja na Kikyrgyz, na Muislamu atajikuta katika mji wenye misikiti na vyakula vya halali, jambo lisilo dogo kwa mtu aliye mbali na kwao. Kama unayo nafasi, ongeza Kiuzbeki, Kikazakhi au Kiukraine hata kwa kiwango cha kusoma tu. Fani hii imelaumiwa, na kwa haki, kwamba kwa muda mrefu iliitazama kanda nzima kutokea Moscow. Anayesoma kwa lugha za wale waliotawaliwa anaona vitu ambavyo wengine wamevipita.

Kusoma kama tunavyosoma darsani

Kila somo hupanga kurasa mia moja au zaidi kwa wiki, na ukiwa na masomo matatu huwezi kuzisoma zote neno kwa neno. Soma utangulizi, kisha hitimisho, kisha orodha ya sura, ndipo uingie katika sura uliyopangiwa. Kwa kila andiko jaza karatasi moja tu: mwandishi anadai nini, ushahidi wake umetoka wapi, na nani anampinga. Hilo la pili ndilo linalowashinda wengi, nasi tumelelewa katika elimu inayolijali kuliko kitu chochote. Katika hadithi za Mtume huulizwi maneno tu. Unaulizwa nani kaipokea kwa nani, na kama mnyororo umekatika maneno hupoteza nguvu hata yawe mazuri vipi. Chukua uzoefu huo uende nao maktaba.

Mfano wake ni huu. Utasikia mara nyingi kwamba nchi za Magharibi ziliiahidi Moscow kuwa NATO haitasogea mashariki, na utasikia pia kwamba ahadi hiyo haikuwahi kuwepo. Ufuate mnyororo. Februari 9, 1990, James Baker, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikutana na Mikhail Gorbachev mjini Moscow, na kumbukumbu za mazungumzo yao zinaonyesha kwamba alisema mamlaka ya NATO hayatasogea mashariki hata kwa inchi moja. Mazungumzo hayo yalikuwa juu ya kuungana kwa Ujerumani. Mkataba uliotiwa saini Septemba 12 mwaka huo huo uliweka mipaka juu ya majeshi ya kigeni katika ardhi iliyokuwa ya Ujerumani Mashariki, na haukutaja ahadi yoyote kuhusu nchi nyengine. Kwa hiyo maneno yalisemwa, na hayakuandikwa katika mkataba. Je, neno la waziri mbele ya mwenyeji wake lina uzito gani? Wanahistoria wanatofautiana hapo, na ukifika kwenye tofauti hiyo ukiwa na tarehe na nyaraka zako, utakuwa umewapita wengi wanaopaza sauti tu.

Tahadhari moja ya istilahi, kwa kuwa ilinigharimu. Kiswahili huita vyombo vitatu tofauti kwa jina moja la Baraza la Ulaya. Kiko chombo cha Strasbourg kilichoanzishwa 1949, chenye nchi 46 baada ya Urusi kuondolewa Machi 2022, ambacho mahakama yake husikiliza kesi za haki za binadamu na ambacho si cha Umoja wa Ulaya kabisa. Kiko kikao cha wakuu wa nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya. Na kiko kikao cha mawaziri wao, kinachopitisha sheria pamoja na Bunge la Ulaya. Katika daftari langu niliviita Baraza la Strasbourg, Baraza la Wakuu na Baraza la Mawaziri, na sikuchanganyikiwa tena. Sisi wenye Baraza la Mapinduzi, Baraza la Wawakilishi na Baraza la Mawaziri katika mji mmoja hatuna sababu ya kushindwa.

Semina

Katika semina mwalimu husema kidogo, na alama hutolewa kwa mchango wako. Wengi wetu tumefundishwa adabu ya kunyamaza mbele ya mwalimu, na wahadhiri wa kigeni huichukua adabu hiyo kuwa ni uvivu. Nenda kila semina na jambo moja uliloliandika, useme ndani ya robo saa ya mwanzo kabla moyo haujaanza kudunda. Na jambo hilo, inapowezekana, litoke upande wetu wa dunia. Tulipokuwa tukijadili jinsi jamhuri 15 za Kisovieti zilivyogeuka kuwa nchi huru mwaka 1991 zikiwa na mipaka ile ile iliyochorwa na serikali ya Kisovieti, nilieleza kwamba wakuu wa nchi za Afrika walikabiliwa na jambo kama hilo Cairo mwezi wa Julai 1964, wakaamua kuiheshimu mipaka ya kikoloni, na kwamba Balozi Martin Kimani wa Kenya aliikumbusha historia hiyo mbele ya Baraza la Usalama Februari 2022. Darasa zima lilinigeukia, na mjadala ukaendelea hapo hadi mwisho wa saa.

Insha ya muhula

Insha yangu ya kwanza ilikuwa kurasa 20 juu ya nchi za Baltiki, tangu kutekwa kwao 1940 hadi kuingia Umoja wa Ulaya Mei 1, 2004. Kila tarehe ilikuwa sahihi. Mhadhiri aliirudisha na swali moja pembezoni: unataka kusema nini? Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi kubwa, lakini alikuwa na haki. Nilikuwa nimesimulia, sikuwa nimejenga hoja.

Niliiandika upya kwa kuipunguza mpaka ikabaki na swali moja. Kwa nini Lithuania iliwapa uraia karibu wakaazi wake wote, kwa sheria ya 1989, ilhali Estonia na Latvia ziliwarejeshea uraia wale tu waliokuwa raia kabla ya 1940 pamoja na vizazi vyao, na waliohamia wakati wa Usovieti wakatakiwa kuomba na kufanya mtihani wa lugha? Jibu la mwanzo liko katika sensa ya 1989: Walithuania walikuwa karibu asilimia 80 nchini mwao, Waestonia kiasi cha asilimia 61, na Walatvia asilimia 52 tu. Lakini hesabu peke yake haitoshi, na hapo ndipo hoja inapoanza, kwa kuwa Estonia na Latvia zilisema hazikuwa nchi mpya bali zile zile za kabla ya kutekwa, na nchi ile ile huwa na raia wale wale. Aliyewahi kupanga foleni ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi anajua kwamba kuulizwa wewe ni nani si jambo la karatasi tu. Insha ya pili ilikuwa kurasa 12, na ilikubaliwa.

Kwa hiyo andika hoja yako kwa sentensi moja juu ya ukurasa wa kwanza kabla ya kuandika kitu kingine. Kisha aya kwa aya, jiulize kama aya hii inaisukuma hoja au imekaa tu kwa kuwa niliisoma mahali. Zile zilizokaa tu, zitoe. Kila ulichokichukua kwa mtu, hata kama umekitafsiri mwenyewe kutoka Kirusi au Kijerumani, kitaje kimetoka wapi. Vyuo vinafukuza watu kwa jambo hilo, na tafsiri haiondoi deni.

Tasnifu

Tasnifu ianze muhula wa pili, si wa nne. Kama swali lako linagusa Zanzibar, una nyaraka za pande mbili. Hapa nyumbani ziko Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani, zenye hazina ya maandishi ya Kiarabu, ya Kiingereza na ya Kijerumani. Berlin ziko nyaraka za wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani, ambamo pia yamehifadhiwa mafaili ya wizara ya Ujerumani Mashariki, na zile za chama kilichokuwa kikitawala huko ziko katika Nyaraka za Shirikisho, Lichterfelde. Waandikie wahifadhi miezi kadhaa kabla, ueleze mada na miaka unayoitaka, kwa sababu faili lisiloagizwa mapema linaweza kukumalizia wiki nzima ya safari.

Wengine watahitaji mahojiano, na hapa naomba uharakishe. Waliofanya kazi na mafundi wa Kijerumani Kikwajuni na Michenzani, na waliopelekwa kusoma Moscow, Leipzig au Kiev katika miaka ya 1960, ni wazee sasa. Kata kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar mapema, kisha uende kwa mzee na mtu anayemfahamu, si peke yako. Mweleze unachokitafuta, umwombe ridhaa ya kumrekodi, na umuulize kama jina lake litajwe au lifichwe. Akikataa kurekodiwa, andika kwa mkono. Usianze na siasa. Anza na chakula, baridi, chumba alichokaa, mshahara au posho aliyoipata, na mengine atayafikia mwenyewe akiona unasikiliza. Mwisho muombe akuonyeshe picha na barua alizonazo, umwombe ruhusa ya kuzipiga picha palepale kwake, juu ya meza yake, na asilia umwachie mwenyewe.